Kuingiza sosi ya pilipili Marekani: pH, FCE, SID, lebo na mzigo kuzuiliwa. Wanaojua tujuzane

Pilipili_Chupani (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Naomba uzi ubaki kwenye jambo moja: sosi ya pilipili ya chupa ya kioo ya ml 150, isiyohitaji friji, inayoingia Marekani kuuzwa dukani. Zawadi ya kumtumia ndugu si mada hapa.

Mchanganyiko kwa kilo 100: pilipili mbuzi 40, karoti 20, vitunguu saumu 8, siki ya 5% kilo 25, chumvi 4, sukari 3. Inasagwa, inachemshwa, inajazwa ikiwa moto, kifuniko kinafungwa. Maswali: FDA (mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani) wanaiweka kundi gani, kinaanza nini kinafuata nini, na mizigo mingi inakwama wapi?

---

Kipimo_cha_pH

Mkuu, umefanya vizuri kuweka vipimo, maana jibu lote linatoka hapo.

Kwa Marekani kuna mstari mmoja: pH 4.6 (pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imezidi). Chini ya hapo Clostridium botulinum, yule bakteria wa sumu ya botulini, hawezi kukua ndani ya chupa iliyofungwa. Sasa angalia viungo vyako. Pilipili mbichi, karoti na vitunguu saumu vyote vina pH ya juu ya 4.6, na kwako jumla yake ni kilo 68 kati ya 100. Kinachoishusha sosi ni siki. Chakula cha namna hiyo, chenye asili ya asidi ndogo kisha kikatiwa asidi mpaka 4.6 au chini, na chenye maji huru (aw) zaidi ya 0.85, kinaitwa chakula kilichotiwa asidi. Kanuni yake ni 21 CFR (mkusanyiko wa kanuni za serikali ya Marekani) sehemu ya 114, na usajili wake uko sehemu ya 108.

Wengi hudanganyika hapa. Wanapima, wanaona 3.8, wanasema "sosi yangu ni ya asidi, hainihusu". pH ya mwisho haikutoi kwenye kundi. Kinachoangaliwa ni ilifikaje hapo. Sosi ambayo msingi wake wenyewe una asidi, mathalani ukwaju au embe mbichi, ikatiwa viungo kidogo visivyobadilisha pH yake kwa kiasi cha maana, hiyo inaweza kuwa nje ya sehemu ya 114. Yako ya kilo 68 za mboga haiwezi.

---

Mzigo_Bandarini

Naongezea kwa Kipimo. Wapo wanaokimbilia njia ya friji kwa sababu chakula kinachohifadhiwa, kusafirishwa na kuuzwa kikiwa baridi muda wote kimetolewa kwenye sehemu ya 114. Ni kweli kimetolewa. Ila hesabu ya kontena la baridi na rafu ya baridi dukani kwa chupa ya sosi haifanyi kazi, na siku muuzaji akiiweka rafu ya kawaida umerudi palepale, safari hii bila karatasi.

---

Nyungu

Na sosi ya kuchachusha je? Pilipili na chumvi 3%, inaachwa hadi ishuke yenyewe chini ya 4.0, haiongezwi siki.

---

Kipimo_cha_pH

Nyungu, ikishushwa na bakteria wenyewe, hicho ni chakula kilichochachushwa, si kilichotiwa asidi. Tatizo linaingia baada ya kuchachuka: mtu anatoa rojo lenye 3.7, anasagia karoti mbichi na vitunguu ili kupunguza ukali, pH inapanda, kisha anatia siki kuirudisha. Hapo amerudi kwenye sehemu ya 114 kwa mlango wa nyuma. Weka kumbukumbu ya pH kwa kila pipa, tangu siku ya kwanza mpaka lilipotulia, la sivyo hutakuwa na cha kuonyesha.

Jambo la pili ni gesi. Ukijaza rojo ambalo bado lina uhai bila kulipasha, linaendelea kuchachuka ndani ya chupa, vifuniko vinavimba au chupa inapasuka njiani.

---

Bi_Achari

Wanangu, mwambieni pia kuhusu siki. Siki nyingi za bei nafuu ni asidi asetiki iliyozimuliwa kwa maji. Kwa FDA hiyo si siki. Siki ni ile iliyotokana na kuchachuka, yenye asidi isiyopungua gramu 4 kwa ml 100. Ya kuzimuliwa inaruhusiwa kutumika, lakini kwenye orodha ya viungo iandikwe kuwa ni asidi asetiki iliyozimuliwa. Ukiandika neno la siki wakati dumu lako ni la asidi, lebo imedanganya.

---

Kipimo_cha_pH

Bi Achari umegusa penyewe. Na nguvu ya siki ndiyo kitu cha kupima kila dumu linapoingia. Kilo 25 za siki ya 5% kwenye kilo 100 zinaleta asidi asetiki 1.25% ya sosi. Dumu likija na 4%, kiasi kilekile cha kilo 25 kinaleta 1.0%. Umepoteza moja ya tano ya asidi bila kubadilisha hata gramu moja ya mapishi. Kapime kwa kutitreti, yaani kutonesha hidroksidi ya sodiamu hadi asidi iishe nguvu. Usiamini maandishi ya dumu.

Kuhusu kupima pH yenyewe, kanuni inasema kama pH ya mwisho inazidi 4.0 lazima utumie mita ya elektrodi. Ikiwa 4.0 au chini, njia nyingine zinazofaa zinakubalika, hata kutitreti. Binafsi sioni sababu ya kuhangaika na karatasi za rangi kwenye sosi nyekundu, rangi ya sosi yenyewe inapotosha jicho.

Utaratibu wa mita: isawazishe kwa bafa (kimiminika chenye pH inayojulikana) ya 4.0, ihakiki kwa 7.0, sampuli na bafa ziwe kwenye nyuzi 25. Sosi nzito isage hadi iwe rojo laini. Ikigoma, ongeza ml 10 hadi 20 za maji yaliyotoneshwa kwa kila gramu 100. Kama kuna mafuta, yatenge kwanza, maana mafuta hufunika elektrodi na mita inaanza kukupa namba za kubahatisha. Osha elektrodi kila sampuli.

Na ipime lini? Si kwenye sufuria. Inayotakiwa ni pH baada ya viungo kusawazishana ndani ya chupa. Kwenye sosi iliyosagwa laini inafika mapema. Ukiacha punje nzima za kitunguu saumu, supu inaweza kusoma 3.9 huku kiini cha punje bado kiko juu. Kata punje, ipime yenyewe.

---

Pilipili_Chupani

Nimekuelewa mkuu. Kwa hiyo mimi ni sehemu ya 114. Karatasi zinaanzia wapi?

---

Mzigo_Bandarini

Twende kwa mpangilio, maana watu huchanganya usajili wa aina mbili.

Wa kwanza ni usajili wa kiwanda cha chakula, uliotokana na sheria ya mwaka 2002 ya kujikinga na ugaidi wa kibaiolojia. Kila kiwanda kinachotengeneza, kufungasha au kuhifadhi chakula cha kuingia Marekani kinasajiliwa, bila ada. Kiwanda cha nje lazima kiwe na wakala anayeishi Marekani, ambaye FDA watampigia simu wakihitaji. Unatakiwa pia kuwa na namba ya utambulisho wa eneo, ambayo FDA wanakubali ni DUNS (namba ya tarakimu tisa ya kutambulisha biashara). Usajili huu unahuishwa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kati ya tarehe 1 Oktoba na 31 Desemba. Ukipitisha Desemba, namba inafutwa na mzigo ulio baharini unakuwa hauna mwenyewe.

Wa pili ndio wengi hawaujui: namba ya FCE, kwa viwanda vya vyakula vya makopo na vilivyotiwa asidi tu. Fomu FDA 2541. Nayo haina ada. Kiwanda cha ndani ya Marekani kina siku 10 tangu kianze uzalishaji. Cha nje lazima kiwe nayo kabla ya kuleta chakula chochote mpakani.

Baada ya FCE, kila bidhaa inapelekewa maelezo ya mchakato kwa fomu 2541e, ukubwa wa chupa ukitajwa, na inapewa SID, yaani namba ya mchakato uliowasilishwa. SID inaonekana kama tarehe yenye alama ya mkwaju (/) na tarakimu tatu mwishoni. Kila ladha na SID yake. Ukiwa na sosi ya pilipili mbuzi na nyingine ya pilipili kichaa yenye mchanganyiko tofauti, hizo ni mbili.

FCE inafuata jengo, haifuati jina la biashara. Ukifungashiwa kwenye kiwanda cha mwenzako, FCE na SID ni za kiwanda hicho, nawe ukihamia kwingine unaanza upya.

---

Fundi_Boila

Kabla hujajaza 2541e unahitaji mtaalamu wa mchakato, yaani mtu au maabara yenye elimu na uzoefu wa kupanga mchakato wa vyakula hivi. Anapokea sampuli za chupa na mapishi kwa uzani, si kwa vikombe, kisha anakuandikia barua: pH ya juu kabisa inayoruhusiwa, joto la chini la kujazia, muda wa kushikilia, na mambo mengine ambayo ukiyavunja bidhaa inakuwa na walakini.

Kwa sosi ya kujazwa moto, joto la kujazia huwa karibu na nyuzi 82 hadi 85, chupa inafungwa, inalazwa au kupinduliwa ili kifuniko na shingo vipate joto, inashikiliwa dakika kadhaa ndipo ipozwe. Namba yako itoke kwenye barua yako, usinukuu yangu. Joto hapa haliui spora za botulini, kazi hiyo inafanywa na asidi kwa kuzizuia zisiote. Joto linaua vimelea vinavyoweza kustahimili asidi kwa muda, pamoja na hamira na kuvu wa kuharibu sosi.

Kinachoharibika kwenye kujaza moto ni hiki: sufuria inasoma 90, lakini chupa za kioo ni baridi na mashine inakwenda polepole, sosi ndani ya chupa inasoma 76. Pima ndani ya chupa, tena ya mwisho kabla ya mapumziko ya chakula, si ya kwanza asubuhi. Mstari ukisimama, chupa zilizojazwa bila kifuniko zitolewe.

Msimamizi wa mchakato awe amehitimu mafunzo yanayotambuliwa na FDA, yale yanayoitwa Better Process Control School. Kumbukumbu za pH, joto na wakati zitunzwe miaka 3 tangu siku ya kuzalisha. Kila chupa iwe na alama ya kudumu inayotambulisha kiwanda, bidhaa, mwaka, siku na kipindi cha kujaza.

---

Nyungu

Na kundi la uzalishaji likitoka na pH 4.7?

---

Fundi_Boila

Njia ni tatu. Unalichakata lote upya kwa mchakato uliothibitishwa, au unalipitisha kwenye joto la vyakula vya asidi ndogo, ambalo kiwanda cha sosi kwa kawaida hakina mitambo yake, au unaliweka kando ili mtaalamu wa mchakato alitathmini. Kutia siki juujuu kwenye pipa na kuendelea hakumo. Na uamuzi wowote uandikwe kwenye daftari la kasoro.

---

Lebo_Sahihi

Nimesubiri zamu yangu. Lebo.

Mbele ya chupa yanakaa mambo mawili ya lazima: jina la bidhaa na ujazo halisi. Ujazo unakaa kwenye asilimia 30 ya chini ya uso huo, kwa vipimo vya Kimarekani na vya metriki pamoja. Ml 150 ni 5.07 FL OZ. Sosi ya kumiminika inapimwa kwa ujazo, achari nzito kwa uzani.

Pembeni: viungo kuanzia kizito hadi chepesi, vizio (vyakula vinavyoleta mzio), jina na mahali pa mtengenezaji au msambazaji, jedwali la lishe. Yote kwa Kiingereza. Ukipenda kuweka na Kiswahili, weka, lakini ukishaanza, kila taarifa ya lazima iwe kwa lugha zote mbili, usiweke nusu.

Nchi ya asili ni sharti la forodha. Ukiandika mji wa msambazaji wa Marekani kwenye lebo, nchi ya asili iwe karibu nao na isomeke.

Jedwali la lishe: kiasi cha kula kwa sosi kali ni kijiko kimoja cha chai. Kwa mapishi haya chumvi ni gramu 4 kwa 100, sodiamu ni takriban gramu 1.57 kwa 100, hivyo kijiko cha gramu 5 kina mg 79. Unaandika 80, kwa sababu chini ya 140 unakaribisha kwenye 5. Hiyo ni ya chumvi ya kutia tu, maabara itakupa na ya mboga. Sukari ya kuongeza ina mstari wake tangu jedwali lilipobadilishwa.

Kuna msamaha wa jedwali kwa biashara ndogo: wafanyakazi chini ya 100 na chupa chini ya 100,000 kwa mwaka, kwa kupeleka taarifa FDA kila mwaka. Wenye wafanyakazi chini ya 10 na bidhaa chini ya 10,000 hawapeleki hata hiyo taarifa, isipokuwa muagizaji. Muagizaji lazima aipeleke. Na ukiandika "sukari kidogo" au sifa yoyote ya lishe, msamaha umekufa.

Vizio vikuu ni tisa tangu tarehe 1 Januari 2023, ufuta ulipoongezwa. Karanga, soya, samaki na ngano vimo. Ukitia kiungo cha unga cha kununua, soma mfuko wake, mara nyingi kuna ngano.

---

Bi_Achari

Kuna wanaotia dagaa waliosagwa kwenye pilipili. Hao wanahusika na nini?

---

Lebo_Sahihi

Bi Achari, shikamoo. Dagaa wakiwa ndio wanaoipa bidhaa sifa yake, hiyo ni bidhaa ya samaki na inaingia kwenye HACCP (mpango wa kudhibiti hatari za chakula) ya samaki, sehemu ya 123, juu ya haya yote. Mtu anayeanza namshauri aziache dagaa pembeni.

---

Kipimo_cha_pH

Rangi na vihifadhi, kwa kuwa hapo ndipo maabara za FDA hukamata.

Benzoeti ya sodiamu mwisho ni 0.1%, yaani gramu 100 kwa kilo 100 za sosi. Salfaiti kuanzia sehemu 10 kwa milioni lazima itajwe kwenye lebo. Vitunguu saumu vya unga na karoti zilizokaushwa huja nazo.

Rangi za viwandani ziitwazo Sudan ni marufuku kabisa, zinaingia kupitia unga wa pilipili uliopakwa ili ung'ae. Ponceau 4R (E124) na carmoisine (E122) zinakubalika kwingine, Marekani hazikubaliki. Na E110, ambayo wao wanaiita FD&C Yellow No. 6, inaruhusiwa tu ikiwa kila kundi la rangi limethibitishwa na FDA. Mfuko wenye namba ya E (ya Ulaya) peke yake hautoshi. Makosa ya rangi yana orodha yake ya tahadhari, namba 45-02, na kampuni ikishaingia humo kila mzigo unazuiliwa bila hata kuchunguzwa. Kwenye sosi yenye pilipili na karoti rangi ya dukani ya nini?

Aflatoksini (sumu ya kuvu): kikomo cha kuchukuliwa hatua ni sehemu 20 kwa bilioni. Ni hatari zaidi kwa pilipili kavu iliyoanikwa chini kuliko mbichi.

---

Pilipili_Chupani

Na upande wa mnunuzi? Yeye anadhani kila kitu ni juu yangu.

---

Mzigo_Bandarini

Si kweli. Tangu FSMA (sheria ya Marekani ya usalama wa chakula) kuna FSVP, mpango wa muagizaji kuhakiki msambazaji wake wa nje. Mwenye mzigo au mpokeaji aliye Marekani ndiye anayewajibika: achambue hatari, akuhakiki, atunze kumbukumbu. Muagizaji mdogo sana, mwenye mauzo ya chakula chini ya dola milioni 1 (ikirekebishwa kwa mfumuko wa bei) kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitatu, ana njia fupi: hakikisho la maandishi kutoka kwako angalau kila miaka 2. Wakala wa usajili wa kiwanda hawi muagizaji wa FSVP kwa sababu tu ni wakala wako. Lazima akubali kwa saini.

Kisha taarifa ya awali ya mzigo. Kwa mfumo wa FDA isitumwe mapema zaidi ya siku 15 kabla ya kufika, kwa mfumo wa forodha siku 30. Mwisho wake ni saa 8 kabla kwa meli, saa 4 kwa ndege, saa 2 kwa barabara.

Mpe wakala wa forodha FCE, SID na vipimo vya chupa kabla meli haijang'oa nanga. Vipimo huandikwa kwa inchi na sehemu za 16: chupa ya kipenyo 208 na kimo 604 ni inchi 2 na 8/16 kwa 6 na 4/16. Hapa ndipo mizigo mingi ya sosi inakwama: SID ni ya chupa ya zamani, kiwanda kimebadilisha chupa ikawa ndefu kidogo, mkaguzi analinganisha, havifanani.

Kundi la forodha ni 2103.90.

---

Nyungu

Nimeona kampuni zinauza "cheti cha FDA" chenye muhuri wa dhahabu. Kinasaidia?

---

Mzigo_Bandarini

Kutundika ukutani. FDA hawatoi cheti cha usajili, na usajili si kibali cha ubora. Usiweke nembo yao wala maneno ya kuidhinishwa kwenye chupa. Hata SID si idhini. Ni kumbukumbu kwamba umewasilisha mchakato.

---

Pilipili_Chupani

Mzigo ukizuiliwa, kuna muda gani?

---

Mzigo_Bandarini

Unapata notisi yenye sababu na tarehe ya mwisho ya kujibu, fuata hiyo. Unajibu kwa ushahidi: barua ya mtaalamu wa mchakato, kumbukumbu za kundi lile, au ombi la kurekebisha. Kasoro ya lebo inaweza kurekebishwa kwa stika chini ya usimamizi, wakikubali. Kukosa SID hakurekebishwi kwa stika. Ukikataliwa, una siku 90 za kuutoa nchini au kuuteketeza, na gharama ni zenu. Muagizaji asiuze hata chupa moja kabla ya kuachiwa.

---

Pilipili_Chupani

La mwisho wakuu. Karoti zikiadimika naweza kuweka maboga kilo zilezile 20?

---

Fundi_Boila

Usiweke kimyakimya. Boga lina pH na unene wake, na joto linapita kwenye sosi nzito kwa namna nyingine. Tengeneza kundi dogo, pima pH chupani, peleka kwa mtaalamu wa mchakato. Akisema ni bidhaa mpya, unawasilisha 2541e nyingine, unapata SID nyingine, na lebo inabadilika. Andika SID mpya hata kwenye ankara, maana wakala wa forodha ananakili kutoka ankara ya mzigo uliopita.